Munyu wa Dada Yangu

Kama mtu angeniambia kwamba nitafika umri huu nimwonee dada yangu wivu kwa sababu ya maji ya majivu, ningemwambia akapimwe kichwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na sitaficha. Ulikuwa wivu wa kutafuna. Niliamka nao, nikanywa nao chai, nikaenda nao kanisani na tukaimba pamoja.

Maji yenyewe tunayaita munyu. Kwetu upande wa Bungoma, mboga kama mrenda na kunde hazipikwi kwa maji matupu. Unachoma mabua na maganda makavu ya maharagwe, unatia majivu yake kwenye kopo lililotobolewa chini, unamwagia maji juu kidogo kidogo, na yale yanayodondoka, mekundu kama chai isiyo na maziwa, ndiyo munyu. Kijiko kimoja kinalainisha sufuria nzima. Ukizidisha, unakula sabuni. Ni kazi ya subira, na siku hizi watu wengi hawana subira wala mabua, kwa hiyo wanatia magadi ya dukani na kujifanya hawaonji tofauti.

Dada yangu ana vyote viwili. Anakaa karibu na Bokoli, kwenye boma aliloolewa akiwa msichana mdogo, na yuko peke yake kwa sababu mume wake alitangulia, kama wangu. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyesoma. Yeye aliacha shule darasa la nne ili abaki na mama, na mimi nikaendelea mpaka nikapata kazi Kitale, katika ofisi ya serikali, chumba cha mafaili. Miaka thelathini na kitu, hakuna faili lililotoka kwenye chumba kile bila mkono wangu. Watu wenye suti walisimama dirishani kwangu na kuniita madam. Nilikuwa najua karatasi ya kila mtu iko wapi, na kusema kweli nilikuwa naringa.

Kisha nikastaafu. Waliniandalia keki na soda, wakanipa saa ya ukutani, kana kwamba nitakuwa na haja ya kujua saa. Mwaka mmoja baadaye nilipita pale kuwasalimu. Chumba cha mafaili kilikuwa kimejaa kompyuta, na msichana aliyekaa kwenye kiti changu akaniangalia kwa huruma akasema, "Mama, nikusaidie?" Nilimwambia nimekosea mlango. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Watoto wangu ni wazuri, Mungu awabariki, lakini wana neno moja tu kwangu, nalo ni pumzika. Mama, umefanya kazi ya kutosha, pumzika. Wamenitafutia mwanamke anayekuja kufua na kupika. Nikishika ufagio ananinyang'anya, kwa heshima, mikono miwili. Nikiwapigia simu watoto kuwapa shauri, wananisikiliza mpaka mwisho, halafu wanasema, "Sawa Mama. Umekula?" Nimekula. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki, kula.

Kwa hiyo maharagwe yalipovunwa nikafunga mfuko nikaenda kwa dada yangu, nikiwaza kwamba huko angalau nitakuwa na mtu mpweke mwenzangu. Hapo ndipo nilipokosea hesabu.

Asubuhi ya kwanza, jua halijakausha umande, nikasikia, "Hodi hapa!" Mwanamke na chupa tupu. Dada akamjazia munyu. Mwanamke hakuondoka. Aliegemea mlango akaanza kumweleza dada habari za mama mkwe wake, na dada, huku akimwagia maji kopo lake, akamgombeza, akamchekesha, akamwambia nenda umwombe msamaha na umpelekee ndizi. Mwanamke akaenda zake amenyooka mgongo. Hajafika mbali, hodi nyingine. Mpaka saa nne walikuwa wamekuja watano. Mmoja hata chupa alisahau. Munyu ulikuwa kisingizio tu.

Hakuna anayelipa. Wapo wanaouza sokoni, lakini dada anasema mama yetu hakuuza, na yeye haanzi. Wanachukua, wanashukuru, wanarudi. Yeye mwenyewe hajui kwamba anafanya jambo lolote. Sote wawili tunameza dawa za presha, nami niliona hivi: yeye humeza yake akiwa amesimama, katikati ya wageni wawili, na maji ya kikombe chochote kilicho karibu. Mimi humeza yangu nimeketi, nimevaa miwani, nimeweka kijitambaa, kwa sababu ndiyo kazi kubwa ya siku yangu.

Roho iliniuma. Nilijaribu kujiambia kwamba ni furaha kumwona dada yangu anapendwa. Haikuwa furaha.

Na mimi walinifanya nini? Walinipa kiti. Kila aliyeingia boma lile alinisalimia vizuri kabisa, "Mama wa Kitale, karibu, kaa, kaa bana," na kunisogezea kiti cha plastiki, kisha akaenda nyuma jikoni kwenye moshi, kwa dada. Kuku akachinjwa, nikawekewa firigisi kwenye sahani yangu. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma au ya mgeni wa heshima, na ukishapewa basi ujue wewe si mtu wa jikoni. Niliitafuna polepole nikisikia vicheko vyao nyuma ya ukuta. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilimaliza wiki ya pili na jembe sijaliona.

Jumanne ya wiki ya tatu akaja jirani, mama ambaye shamba lake limepakana na la dada. Binti yake alikuwa ameposwa, na Jumamosi wakwe wangekuja kutoka Kapsokwony, huko mlimani, kuzungumza mahari.

"Dada, nataka munyu mingi," akasema. "Hao watu wa mlimani wasiende wakisema ati hatujui kupika mboga."

"Itakuwa," dada akajibu.

Siku hiyo hiyo jioni akaanza kuchuja. Lakini Alhamisi asubuhi simu ikalia: mke wa mpwa wetu, kule Sirisia, amejifungua, na wanataka dada aende akamwogeshe mtoto siku za kwanza. Wanataka dada. Mimi nimezaa wanne na kulea wajukuu watatu, lakini simu haikuuliza habari zangu. Dada akatia leso mbili kwenye kikapu, akapanda bodaboda, na akiwa juu ya pikipiki akanipa maagizo.

"Kopo iko na majivu ya kutosha. Wewe mwagia maji tu, asubuhi na jioni. Jerikeni ikijaa, pelekea jirani Jumamosi. Nitakuja huko moja kwa moja. Na usiongeze kitu."

Usiongeze kitu! Mtu niliyemfundisha kusoma saa.

Nilimwagia maji kama nilivyoagizwa. Kufikia Ijumaa saa sita jerikeni ndogo ilikuwa imejaa pomoni, munyu mwekundu safi, kazi ya mikono yake ingawa yeye hakuwepo. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikaiangalia. Nikajua kitakachotokea. Nitaibeba mpaka kwa jirani, nitaiweka chini, watasema mwambie dada asante, nami nitaonyeshwa kiti.

Basi nikaichukua ile jerikeni, nikaisukuma chini ya kitanda, mpaka ukutani. Nikatoka nje kutengeneza munyu wangu.

Nilikuwa nimemtazama dada wiki mbili, nikadhani kutazama ni kujua. Lundo la mabua lilikuwa limenyeshewa usiku. Niliwasha kiberiti mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Yalitoa moshi tu. Mwenye subira angeyaanika yakauke. Mimi nilikuwa na haraka ya mtu aliyeibiwa. Nikaingia stoo, nikatoka na gunia tupu la mbolea, lile la nailoni, nikalichana nusu nikalisukuma chini ya lundo. Moto ukaitika mara moja. Nilifurahi jinsi ulivyonguruma. Ilipofika jioni nilikuwa nina majivu yangu, kopo langu, na asubuhi nikawa nina jerikeni yangu. Pua yangu ilikuwa imejaa moshi, haikunusa kitu. Rangi ilikuwa nyeusi kidogo, na nilijiambia kwamba wangu ni mkali zaidi.

Niliibeba mwenyewe. Jikoni kwa jirani kulikuwa na wanawake wanane hivi, sufuria kubwa mekoni, vumbi, kelele, utamu mtupu. Mmoja akanipokea jerikeni.

"Aa, dada yako ametuma? Mwambie asante sana."

Mpango wangu ulikuwa huu: wapike kwanza, wale, wasifie, mtu aseme leo huyu dada amejishinda, hapo ndipo nitasema taratibu, bila kujisifu, ule ni wangu. Niliufanyia mazoezi njia nzima. Nikanyamaza, nikapelekwa kwenye kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa kwenye hema, karibu na wakwe. Chakula kilipoletwa nilimwangalia mzee mmoja wao, baba mdogo wa bwana harusi, mtu mpole mwenye kofia ya sufu. Alikata ugali, akachota mrenda, akatia kinywani. Akaacha kutafuna. Macho yake yakanitazama mimi, mtu wa karibu, kana kwamba anaomba ruhusa ya kitu. Kisha akameza, kwa adabu tupu, na akanywa bilauri nzima ya maji. Nikaonja yangu. Ilikuwa chungu, na nyuma ya uchungu kulikuwa na harufu ya gunia linaloungua.

Nyama iliisha, kuku wakaisha, chapati zikaisha. Mboga zilirudi jikoni kama zilivyokuja, sahani baada ya sahani. Kwa wageni wa mahari, nyama ni ya mfuko wa baba lakini mboga ni mikono ya mama, na wakwe walikuwa wameikataa mikono ya jirani mbele ya binti yake. Nilimwona jirani akiinuka, akaelekea jikoni. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Nani alileta hii munyu?" akauliza. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Si ni ya dada," wakasema.

Dada alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Sirisia, kikapu bado kiko begani. Wote wakamgeukia. Akaweka kikapu chini, akachovya kidole kwenye jerikeni, akakiweka ulimini. Nilimwona akijua. Ilichukua muda mfupi sana. Aliitazama jerikeni, ambayo haikuwa yake, halafu akanitazama mimi niliyesimama mlangoni.

"Ni yangu," akasema. "Nilichoma vibaya. Mama, unisamehe. Nimekuaibisha."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Neno lilikuwa moja tu. Sikulisema. Na ngoja niseme ukweli wote maana ndiyo faida ya uzee: wivu wangu haukufa pale kwa aibu. Ulipanda. Nilimtazama amesimama katikati ya wale wanawake, amebeba kosa langu bila kuinama, nikawaza, hata lawama! Hata lawama anajua kuibeba kuliko mimi.

Mahari yalizungumzwa, yakaisha vizuri, wakwe walikuwa watu wa maana. Tulirudi nyumbani. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza. Alinisimulia habari za mtoto wa Sirisia, ana nywele nyingi, analia kama mzee.

Jumapili hatukusikia hodi. Nilisema moyoni ni siku ya Mungu. Jumatatu pia kimya. Na nitaandika hata hili: siku hiyo ya kwanza nilisikia raha ndogo. Tulikunywa chai wawili, bila mtu wa kutukatiza, nikawa na dada yangu peke yangu kama zamani. Jumanne mwanamke mmoja akapita njiani na chupa ya magadi ya dukani ikichungulia kwenye kikapu. "Bado tuko nayo kidogo," akasema kabla hajaulizwa. Jumatano akaja mwingine kusalimu, mtu mzuri, hana ubaya. Alimshika dada mkono akamwambia, "Si upumzike sasa, dada. Macho imechoka. Umetufanyia ya kutosha."

Nilijua neno lile. Nililijua kama mtu anavyojua kiatu kinachombana. Nilimwangalia dada usoni alipokuwa akilipokea, na nikaona likimwingia mahali pale pale liliponiingia mimi.

Siku ya tano alikuwa ameketi. Alileta kiti cha pili cha plastiki, akakiweka kando ya changu ukumbini, akaketi, na akameza dawa yake ameketi, amevaa miwani. Kopo lake lilikuwa limekauka. Tulikaa pale wanawake wawili wazee, tumelingana mwishowe. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikuweza kukitazama.

Jumamosi alifagia chumba changu nilipokuwa naoga. Niliporudi mezani kwa chai, jerikeni yake ilikuwa kando ya kikombe changu, imepanguswa vumbi, imejaa mpaka juu.

"Ulijaza vizuri," akasema. Akaenda kuwapa kuku mahindi.

Sikulala vizuri, na Jumapili baada ya ibada, wanawake walipobaki kanisani kwa mkutano wao, nikanyoosha mkono. Mwenyekiti alidhani nataka kutoa salamu za Kitale. Nilisimama. Nimewahi kuzungumza mbele ya wakurugenzi, lakini hapo nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Munyu wa wakwe ulikuwa wangu," nikasema. "Wa dada yangu niliuficha chini ya kitanda. Nikachoma wangu kwa gunia la mbolea. Yeye hakukosea kitu. Mimi nilikuwa na wivu, kwa sababu nyinyi wote mnamtaka yeye, na mimi mnanipa kiti."

Jirani, mama wa bibi harusi, akanigeukia kwenye benchi lake. Nilidhani atanitukana, na alikuwa na haki.

"Gunia?" akasema. "Ya nailoni?"

"Ndiyo."

"Na vile umesoma!"

Kanisa lote likapasuka. Walicheka mpaka mmoja akaporomoka kutoka kwenye benchi. Jirani alicheka pia, mwisho wao, huku akijifuta macho, na nadhani si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akaniambia kwamba deni langu si dogo, harusi ni Desemba, na mimi ndiye nitakayeosha sufuria zote. Zote, pamoja na zile za ugali zilizoshika moto. Nilikubali haraka mno, wakacheka tena. Kabla hatujatoka mlangoni wanawake wawili walishamwuliza dada kama watamkuta nyumbani kesho.

Nilitarajia dada atanishika mkono njiani. Alitembea mbele yangu, haraka, leso ikipepea, na tulipofika kwenye kivuko cha mto akageuka.

"Nani alikutuma kusema?"

"Nilikuwa nimekukosea."

"Nani alikutuma!" Sijamwona na hasira kama ile tangu utotoni. "Watoto wangu wamesoma na mkono wako. Mabati ya nyumba yangu ni yako. Ukikuja, sukari. Ukienda, unaacha kitu chini ya kikombe. Na mimi ni asante dada, asante dada, miaka yote, mpaka hiyo neno imenichosha mdomo. Unajua kuwa mtu wa kusema asante tu? Unajua?"

Kwa mara ya kwanza nilikuwa najua.

"Siku moja," akasema, "siku moja tu nimekubebea kitu. Kitu kizito. Nikasema sasa na mimi nimempa. Ukaenda ukaitua chini mbele ya watu."

Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na wivu katika familia yetu. Kumbe tulikuwa tumegawana, kama tulivyogawana kila kitu, na yeye alikuwa na fungu lake tangu siku nilipopanda basi la kwanza kwenda Kitale na sanduku la bati. Tulisimama pale kivukoni, kisha tukavuka.

Wiki iliyofuata alinifundisha, kwa ukali. Mabua yaanikwe siku tatu. Moto uwashwe kwa majani makavu ya mgomba, si kitu kingine. Majivu yachekechwe yakipoa. Maji yasimwagwe kama unazima moto, yadondoke. Tone la kwanza ulimini linauma kidogo kisha linaachilia; lisipoachilia, mwaga. Nilikosea mara mbili, akamwaga mbele yangu bila huruma. Niliporudi Kitale alinipa chupa moja ya munyu wake, na mfuko wa mabua makavu nikajaribu mwenyewe.

Nilichoma nyuma ya nyumba, nikachuja siku mbili, nikapata chupa moja. Nikaziweka mbili dirishani jikoni, yake kushoto, yangu kulia. Mwanamke anayenipikia alizitazama, akataka kuuliza, akaacha.

Jirani yangu wa Kitale ni mama wa rika langu. Wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutoka Murang'a zamani, wakanunua shamba, na kwao mboga ni ya kupondwa pamoja na viazi, mrenda hawaujui. Miaka yote tumesalimiana kwenye ua, mvua na mahindi, basi. Alhamisi moja akaja mpaka mlangoni, ana chupa tupu ya juisi, na anaona haya.

"Mama, samahani," akasema. "Mke wa kijana wangu ni wa huko kwenu. Ako na mimba, hakuna kitu inakaa tumboni. Analia ati anataka mrenda yenye imewekwa kitu fulani ya majivu. Mimi sijui hiyo ni nini. Nikasema niulize wewe."

Nilimwambia aketi. Nilimpa kiti, ndiyo, lakini jikoni, karibu na mimi. Nilisimama mbele ya dirisha. Mkono wangu ulienda kushoto, kwa sababu ni mimba ya mtu na si mahali pa kujaribu. Kisha nikafungua ya kulia, nikaweka tone ulimini. Liliuma kidogo. Likaachilia. Nilimjazia chupa, nikamweleza kijiko kimoja tu, nikamweleza tena, na akakaa saa nzima akinieleza habari za yule mkamwana, jinsi anavyomwogopa na jinsi anavyompenda. Jioni alirudi mbio mpaka kwenye ua kuniambia msichana amekula sahani mbili na amelala. Sikumbuki mara ya mwisho nilipohisi mikono yangu ni mizito namna ile, ya kutumika.

Nikampigia dada simu saa ile ile. Nilitaka aijue habari kabla haijapoa. Nilimsimulia yote, chupa ya juisi, haya ya jirani, sahani mbili. Upande wa pili nilisikia kuku wake, na nikasikia mtu akipiga hodi, na kwa mara ya kwanza dada yangu hakuitikia hodi.

"Ulimpa wangu," akauliza, "ama wako?"

Aliuliza polepole, kama kitu kisicho na uzito. Lakini mimi ni bingwa wa wivu, siwezi kudanganywa nao kwenye simu. Ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa nimeungoja tangu siku ile ya wakwe, na ulikuwa mtamu.

"Wako," nikasema.

Akashusha pumzi.

"Nilijua," akasema, na sauti yake ikafunguka. "Wako bado iko na haraka. Lakini utajua, dada. Utajua tu." Kisha akapaza sauti kwa mtu wa mlangoni, karibu, karibu ndani, na akakata simu.

Wivu ulinipanda mpaka kooni. Niliumeza nimesimama, nikaosha chupa yangu iliyobaki tupu. Yake ilikuwa pale dirishani, imejaa, kizibo bado hakijafunguliwa.